Aliyekaa Ndani ya Kichuguu

Harufu ya udongo uliolowa ndiyo iliyotangulia. Mama Kasuku aliisikia alipofungua mlango wa maabara asubuhi. Chumba hakikuwa na dirisha hata moja, kiyoyozi kilikuwa kikinguruma, na nje jua lilikuwa likichoma. Akatazama sakafu, ilikuwa kavu kabisa. Akasema pua yake imechoka, akakaa kazini.

Kazi yake ilikuwa kuona ndani ya vitu bila kuvivunja. Kitu kikishapigwa eksirei pande zote, kompyuta hukiunganisha kikawa kizima kwenye kioo, naye kwa programu yake hukikata tabaka baada ya tabaka, kama akataye mkate, ila mkate wenyewe hauguswi. Siku hiyo alikuwa na bonge la kichuguu, kubwa kama ndoo, alilolileta Profesa ili ahesabiwe njia za mchwa.

Katikati palikuwa na uwazi. Kwa juu ulionekana tundu tu. Alipougeuza autazame kwa mbele, akaona mtu aliyekaa, magoti kifuani, uso kauinamisha.

"Profesa, mchwa wako wana mgeni."

"Mkaribishe chai," Profesa akajibu bila kuinua kichwa.

Wakacheka. Saa za kazi zilipokwisha aliuacha mkato kwenye tabaka la thelathini, akaenda zake.

Jioni, akimwogesha mwanawe, aliona mstari. Mtoto alikuwa wa miaka sita, na waliomwita Kasuku hawakumwonea, maana mdomo wake haukujua likizo. Lakini siku hiyo alikuwa kimya. Mstari ulizunguka kifundo cha mguu, mwembamba kama uzi, bila damu. Juu yake ngozi ilikuwa na joto, chini yake ilikuwa baridi kama ya maiti.

"Nani kakufanya hivi?"

"Yule aliyekaa," mtoto akanong'ona.

Hata hivyo alijikaza, akapaka mafuta, akajiambia watoto hawakosi maneno.

Kesho yake alifanya lile ambalo kila mtu wa kazi ile hulifanya: aliuweka mkato ujiendeshe wenyewe, polepole, kutoka tabaka la kwanza hadi la mia tano, kisha akaenda kunywa chai. Hajamaliza nusu kikombe, simu ikaita. Alikuwa mama yake, aliyebaki na mtoto nyumbani.

"Mwanangu, ule mstari," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Unatembea. Umepita goti."

"Unatembea vipi, mama?"

"Unapanda! Naushika kwa mikono miwili haushikiki, na mtoto hasikii miguu yake."

Kikombe kilimponyoka. Alikimbia ile korido simu ikiwa sikioni, na kadiri alivyoukaribia mlango ndivyo harufu ya udongo ilivyomkaba, na chini ya mngurumo wa kiyoyozi akasikia kutafuna, vinywa vidogo maelfu kwa maelfu, na alipofika mbele ya kioo akaona mkato umefika tabaka la mia mbili na arobaini na bado unapanda, na yule aliyekaa hakuwa ameinama tena, ameinua uso, anamtazama yeye. Akabonyeza kusimamisha.

"Umesimama," bibi akanong'ona. "Kitovuni."

Hapo ndipo alipoelewa. Akaurudisha mkato chini, tabaka moja moja, bila kuthubutu kupepesa, huku bibi akimtajia njia: paja, goti, kifundo, kidole. Alipofika sifuri mstari ukapotea. Kasuku akalia kwa sauti, na mama yake naye akalia huku na simu yake.

Mganga aliyeitwa na bibi alikuja jioni ileile. Hakufukiza chochote. Alimshika mtoto nyayo.

"Huyu haumwi," akasema. "Kuna mwenye nyumba mmemkata, naye analipiza palipo laini. Mrudishieni bonge lake pale mlipoling'oa. Na hizo picha, isibaki hata moja."

Walitii. Bonge lilirudi porini kabla ya jua kuchwa siku ya pili. Mama Kasuku akazifuta picha zote, na nakala zake, na nakala za nakala. Kasuku akarudia kelele zake mpaka bibi akaomba poo, na nyumba nzima ikashukuru.

Wiki iliyofuata Profesa alimwita mezani kwake, uso umemjaa furaha.

"Mama Kasuku, usijilaumu kwa kufuta zile picha. Mimi nilishazipandisha mtandaoni siku ya kwanza, kila mtaalamu duniani azikate apendavyo. Umaarufu huo! Hebu ona, sasa hivi watu thelathini na mmoja wamezifungua."

"Zitoe, Profesa. Zitoe sasa hivi."

"Nizitoe vipi? Kila mmoja kashachukua nakala yake."

Simu ikaita. Alijua ni nani, na mkono ulikataa kuipokea hadi ilipoita mara ya tatu.

"Mwanangu," bibi alisema, na sauti haikuwa yake. "Mistari imerudi. Ni mingi, nimehesabu kumi nikaacha. Mingine inapanda, mingine inashuka, na mmoja uko shingoni. Niambie, nishike upi?"