Laini ya Kisumu

Ilikuwa siku ya soko mwaka wa 1972, ukumbi wa simu mjini Kisii umejaa pomoni, na Tryphosa Kemuma alikuwa ameegemea kaunta kwa sababu nyonga ya kushoto ilimchoma kama moto. Alivaa gauni fupi la manjano, na miguu yake mirefu iliwafanya wazee wawili wasahau namba walizotaka kupiga.

"Dada, wewe si yule wa mita mia nane?" akauliza opereta, kijana wa suruali ya bugaluu iliyopigwa pasi ikanyooka. "Nilikushangilia kule Nyansiongo."

"Ulishangilia nini? Siku hiyo nilikuwa wa nne."

"Basi nilishangilia wa nne."

Tryphosa akacheka bila kupenda.

Kijana huyo aliitwa Ishmael Ogari. Baada ya mwezi mmoja alikuwa akimpigia kila mchana katika duka la vitambaa alikofanya kazi.

"Hapa ni opereta. Kuna mrembo hapo?"

"Ametoka. Ameacha ujumbe kwamba unasumbua wateja."

Siku za Sabato, wakitoka kanisani, Ishmael alipunguza hatua zake ili Tryphosa amfikie, na kwa hilo tu msichana alimpenda sana.

Nyonga ilikuwa imemtesa miaka miwili. Daktari alimwambia wazi: miezi sita bila kukimbia, la sivyo atachechemea maisha yake yote. Lakini mchujo wa mkoa ulikuwa mwezi uliofuata, na bila mbio Tryphosa hakujua yeye ni nani. Akaenda ukumbi wa simu, akaomba laini ya Kisumu, kwa kocha wake, Bwana Nyasani, akaingia kibandani.

"Kocha, nyonga imepona kabisa. Niandike kwenye..."

Simu ikakatika. Alipotoka kibandani, alimkuta Ishmael amesimama, waya wa kuunganishia simu mkononi.

"Nimekata mimi, Tryphosa. Juzi ulishindwa kupanda ngazi za kanisa. Siwezi kukusikia ukijimaliza."

"Nani alikupa nyonga yangu? Hata daktari huniuliza kabla ya kunidunga sindano! Usinipigie tena, Ishmael."

Alfajiri ya kesho yake aliingia uwanjani ili amwonyeshe. Kwenye kona ya pili nyonga ikagoma, akaanguka kwenye nyasi zenye umande. Alilia sana. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Ishmael alikuwa amesema kweli, na bado alikuwa amemkosea.

Akarudi kwao Kebirigo. Mama yake, Nyanchera, alimkanda kwa maji moto. Kila asubuhi Tryphosa alilala ubavu kwenye mkeka, kifuko cha mchanga kimefungwa kifundoni, akainua mguu mara arobaini huku majirani wakiuliza kama msichana amerukwa na akili. Mwezi wa nne wa kukaa kwao alitembea hadi sokoni na kurudi bila maumivu. Mwezi wa sita alikimbia uwanja wa shule mzunguko mmoja, taratibu, na alipomaliza aligeuka kumtafuta mtu wa kumshangilia.

Siku iliyofuata alikuwa Kisii, na gauni lile lile la manjano. Ishmael alipomwona, kalamu ilimponyoka.

"Bwakire buya, opereta," akamwamkia kwa Kigusii. "Nipe Kisumu."

"Tryphosa, nilikukosea. Ulisema nisikupigie..."

"Na njia ya Kebirigo je, hukuijua?"

"Niliijua. Niliogopa."

"Nipe Kisumu. Na leo usikate. Sikiliza."

Kibandani alishika simu kwa mikono miwili. "Kocha, mara ile nilitaka kukudanganya. Nyonga ilikuwa mbovu. Sasa nakimbia mzunguko mmoja bila maumivu. Mmoja tu. Mwaka huu usiniandike. Nikiwa tayari nitakupigia mwenyewe."

Kule Kisumu Bwana Nyasani akakohoa. "Wa pili usiongeze bila kuniambia."

"Sawa, kocha. Ngoja kidogo. Opereta, uko kwenye laini?"

"Niko."

"Una la kusema?"

"Utakubali nikuoe? Nakuuliza tu, Tryphosa. Kuamua ni kwako."

Watu waliokuwa kwenye foleni walimwona msichana wa gauni la manjano akicheka na kufuta machozi kwa kiganja.

"Nimekubali. Lakini siku ya harusi nitatembea polepole."

"Mwendo wako naujua."

"Jamani," akasema Bwana Nyasani, "sasa mimi nikate?"

"Usikate!" wakajibu wote wawili.