Kidirisha cha Kamera Ndogo

Kuna makosa ambayo mpiga picha mzoefu hayakiri mbele za watu, na kupiga picha huku kifuniko kikiwa bado kwenye lenzi ni mojawapo. Tabasamu alilifanya kosa hilo mchana kweupe, kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu, na alilifanya mara thelathini na sita, yaani filamu nzima.

Tabasamu halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Watu walimbandika kwa sababu kila aliyeketi mbele ya kamera yake aliamriwa "tabasamu", ilhali yeye mwenyewe meno yake yalionekana kwa nadra. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa na studio ya vyumba viwili: cha mbele cha wateja, ambako mdogo wake alikaa kwenye kompyuta akisafisha picha, na cha nyuma, chumba cha giza cha kusafishia filamu, ambacho siku hizi kilikuwa kimejaa viti vibovu. Kazi zote alizifanya kwa kamera kubwa ya dijitali, nzito kama tofali, na tofali hilo lilikuwa limemla bega la kulia. Daktari hakumficha. Alisema mama, ukiendelea kulinyanyua dude hilo, mkono huu hautapanda tena hata kukuchania nywele.

Ndipo alipoipata ile ndogo. Mjane wa mpiga picha mmoja wa zamani alikuwa anahama nyumba, akamwita aje achague vitu vya marehemu. Ilikuwa kamera ya filamu, chuma kitupu, ya kuingia mfukoni mwa koti. Haikuwa kama ile kubwa ambayo ukichungulia unaona kupitia lenzi yenyewe. Hii ilikuwa na kidirisha chake pembeni, ukichungulia unaona picha mbili zimepishana, unazungusha lenzi mpaka ziwe moja. Uzuri wake ni wepesi. Ubaya wake ni kwamba lenzi ikiwa imefunikwa, wewe uliye kidirishani huna habari, unaendelea kuona kila kitu vizuri na kubonyeza kama mjinga.

"Dada," mdogo wake alimwambia aliporudi kutoka kwenye sherehe, "hicho nini mbele ya kamera?"

Tabasamu akatazama, akaketi bila kuvua viatu. Mwalimu mkuu haagwi mara mbili.

"Labda kilianguka katikati ya sherehe, ukakirudisha," mdogo wake akasema kwa huruma.

"Labda."

Alijua hakikuanguka. Alijua pia jambo jingine ambalo hakulisema, kwamba mchana kutwa kile kidirisha kilikuwa kibichi. Kila alipokiweka jichoni alihisi kitu cha uvuguvugu, chenye utelezi, na akakifuta kwa shati akidhani ni jasho lake. Jasho halinuki vile. Kitu kile kilinuka kinywa cha mtu aliyelala na nyama katikati ya meno.

Hata hivyo aliisafisha filamu, kwa ubishi tu. Aliondoa viti kwenye chumba cha giza, akachanganya dawa, akazima taa. Alitarajia mkanda mtupu. Mkanda ulitoka na picha thelathini na sita.

Picha ya kwanza ilipoanza kujitokeza kwenye karatasi ndani ya beseni, chini ya taa nyekundu, hakuelewa anachokiona. Kisha akaelewa. Ulikuwa mdomo wa mwalimu mkuu, kutoka umbali wa kiganja kimoja, ukitafuna keki, ufizi umevimba, uji mweupe umejaa kwenye pembe za midomo. Ya pili, tundu la pua la mwalimu wa hesabu na kila kilichomo. Ya tatu, kwapa la mtu. Ya nne ilikuwa sikio, na nta yake, na juu ya nta hiyo alama ya kitu kipana kilichopita kikaacha mchirizi unaong'aa, na ya tano hivyo hivyo, na ya sita, watu aliowapiga kwa heshima kutoka hatua tano akiwa amesimama wima wamekaribiwa na kunuswa na kuonjwa mmoja baada ya mwingine bila wenyewe kujua, na kadiri karatasi zilivyozidi kuning'inia kwenye kamba zikidondosha maji ndivyo ile harufu ya kinywa ilivyozidi kukijaza chumba, mpaka akafungua mlango kwa kiwiko na kutapika kwenye ndoo ya kudekia.

Mdogo wake aliziangalia picha tatu tu. "Nani kazipiga hizi?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama aliyeogopa kusikiwa na kamera.

"Sijui."

"Itupe, dada."

Mwalimu mkuu aliambiwa filamu imeharibika, akanuna, yakaisha. Lakini Tabasamu hakuitupa kamera. Tusimlaumu haraka, asiyewahi kuamshwa na bega lake mwenyewe hajui mtu anaweza kuvumilia nini kwa ajili ya kitu chepesi. Alikifuta kidirisha kwa spiriti, akakivua kifuniko na kukitia kabatini, akapiga filamu nyingine. Picha zikatoka safi, watu kuanzia kichwa hadi miguu, nuru nzuri. Bega likapumua. Akajiambia yale ya kwanza yalikuwa dawa zilizochacha, na uongo mtu akijiambia mwenyewe hana wa kumbishia.

Ila jicho lake la kulia, lile la kuchungulia, likaanza kutoa matongo. Mwanzoni yalikuwa ya asubuhi, ya kufutwa kwa maji. Baada ya wiki yalikuwa ya kila saa, marefu, ya kuvutika kama ute wa bamia, na kope ziligandana hata akalazimika kuzitenganisha kwa vidole. Wateja wakaanza kutazama pembeni wakizungumza naye. Mdogo wake alipomwona akila huku uzi wa ute ukining'inia hadi shavuni, alisukuma sahani yake mbele na kuondoka mezani. Na bado kila akiiondoa kamera usoni palibaki mlio mdogo, wa kitu kilichobandana kikibanduka.

Harusi ya binti wa mdogo wake ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na mpiga picha alikuwa yeye. Hilo halikuhitaji hata kuulizwa. Kwa mkono uliokuwa haupandi au kwa jicho lililokuwa linaoza? Kabla ya kuamua, alimwendea mjane.

Mjane alikuwa anapanga vyombo kwenye nyumba yake mpya. Alimtazama jicho, akaweka sufuria chini taratibu.

"Nilidhani ungeiweka kama pambo," alisema. "Siku hizi nani anatumia filamu?"

"Mama, marehemu alikuwa na nini?"

"Si alikuwa na jicho moja?"

"Najua. La pili lilipofuka."

"Halikupofuka, mwanangu." Mjane alishusha sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Liliisha. Kidogo kidogo, kama pipi. Kila jioni akirudi kazini lilikuwa limepungua, mpaka siku moja ikabaki nyama ya ndani, nyekundu, imelambwa ikatakata."

Tabasamu alirudi nyumbani akiwa amelishika jicho kama mtu aliyebeba yai.

Aliyeletwa alikuwa Koki, fundi bomba. Kwa kawaida huitwa vyoo vinapoziba, lakini waliomjua walijua kwamba alizibua na mengine, kazi aliyoachiwa na bibi yake. Alifika saa nane mchana na mfuko uleule wa vifaa, akavaa glovu za mpira, akaomba chumba kisicho na dirisha. Akaiweka kamera ndogo kwenye beseni la chumba cha giza na kuinusa bila kukunja uso, maana mtu wa kazi yake ameshanusa mengi.

"Umekuwa ukifuta hapa ukidhani ni matongo yako," alisema.

"Si matongo?"

"Ni mate."

Mdogo wake, aliyesimama mlangoni, alijiziba mdomo.

Koki alitoa bisibisi nyembamba, akafungua vijiskrubu viwili, akabandua kioo cha kidirisha. Nyuma yake palipaswa kuwa na vioo vingine na chuma. Palikuwa na ufizi. Ulikuwa wa waridi, umelowa, una jipu pembeni, na katikati yake ncha ya ulimi ikatoka, nene, yenye ukoko mweupe, ikapapasa huku na huku hewani ikitafuta kitu ilichokizoea, na Tabasamu alihisi jicho lake likivutika kuelekea kule, likivutika kweli, kwa mzizi, kama jino bovu lililofungwa uzi.

"Usisogee," Koki alinong'ona. "Bado unakitaka hiki kikamera?"

"Sikitaki."

"Usiniambie mimi. Mwambie huyu. Mwambie kwa kinywa chako unafanya kazi na ipi. Wakishamzoea mtu hawatoki mpaka wasikie."

Akamwaga konzi ya chumvi ya mawe, na kitu kile kikajikunyata kikaanza kulia, si kilio cha kupaza bali mnyonyo, kama mtoto mchanga aliyenyang'anywa titi, na mnyonyo ukapanda na mate yakafurika kutoka kidirishani yakajaza beseni yakamwagika sakafuni yakafika kwenye viatu vyao, ya moto, yana vipande vipande, na harufu ikawa nzito kiasi kwamba ilionjeka, na katikati ya yote hayo Tabasamu, akiwa ameziba pua kwa mkono mmoja na jicho kwa mwingine, akasema, "Nachagua kubwa. Nakwenda na ile kubwa, hata bega likatike."

Ikasikika sauti ya kumeza. Kisha kimya.

Koki alichungulia ndani ya kamera. Palikuwa na vioo na chuma, na kitu kidogo kikavu kama ubani wa kutafuna uliobandikwa chini ya meza. Akakikwangua kwa bisibisi.

"Ametoka," alisema.

"Ameenda wapi?" mdogo wake akauliza.

Koki alivua glovu, akazigeuza nje ndani. "Dada yangu, mimi huzibua. Kinakokwenda hakijawahi kuwa kazi yangu."

Walicheka, wote watatu, kicheko cha watu waliotoka kuogopa. Siku hiyohiyo jicho likakauka. Hakuna tongo, hakuna ute, hata machozi ya kitunguu. Tabasamu alijitazama kwenye kioo cha wateja na, jambo la ajabu, akajitabasamia.

Harusini alibeba tofali lake. Bega lilimuuma kuliko alivyopata kuumwa, zito ajabu, kana kwamba kamera imezaa pacha usiku. Mdogo wake alimshikia kiwiko kutoka chini, na kwa namna hiyo wakamaliza: maharusi, wazazi, meza zote. Maharusi walikuwa wamekaza nyuso, lakini yeye alishazoea watu wanaoiogopa siku yao wenyewe. Aliwaamrisha watabasamu. Hawakutii. Akabonyeza hivyo hivyo, akishukuru moyoni kwamba anaona, na anaona vizuri, na jicho ni lake.

Jumatatu mdogo wake alizifungua picha kwenye kompyuta. Zilikuwa kali na angavu, hakuna iliyotikisika. Ila katika zote mia sita, hapakuwa na mtu aliyetazama lenzi. Bibi harusi, mumewe, mashangazi, watoto wa kushika maua, kila mmoja alitazama juu kidogo ya kamera, upande mmoja, na kila mmoja alikunja pua na kuvuta mdomo kama mtu aliyeletewa sahani yenye funza.

"Walikuwa wanaangalia nini?" mdogo wake akauliza. "Mimi nilikuwa pale pale. Sikuona kitu."

Bibi harusi mwenyewe aliingia kabla ya saa sita kuchagua picha za albamu. Aliketi mbali na meza, mkoba mapajani, na hakumpa mama yake mkubwa mkono.

"Sikutaka kusema siku ile, mama mkubwa. Watu walikuwa wengi."

"Sema, mwanangu."

"Yule uliyekuja naye."

"Nilikuja na mama yako. Ndiye aliyenishika kiwiko."

"Mama nilimwona." Binti alimeza mate, na kumeza kwenyewe kukamtia kinyaa. "Nasema aliyekaa begani. Ukisimama mbele ya kamera huwezi kumkosa. Kila ulipoishusha, aliinama akakulamba jicho, taratibu, halafu akafunga mdomo kama anaonja. Mume wangu hajala tangu Jumamosi."

Mdogo wake aligeuka kumtazama dada yake, akatazama tena, kisha akasogeza kiti chake nyuma bila kujua anafanya hivyo. Tabasamu aliinuka akaenda kwenye kioo cha wateja. Jicho la kulia lilikuwa kavu na safi kabisa, na lilikuwa dogo kidogo kuliko la kushoto.