Komeo la Bwana Kesho

Safari yenyewe ilikuwa ya hatua tatu tu, kutoka sebuleni hadi kwenye kamba ya nguo. Mvua ilikuja kutoka baharini bila hodi, nepi kumi na nne zikiwa zimeanikwa kwenye roshani ya ghorofa ya nne. Mama mkwe akapiga kelele, "Nguo!" Mwalimu akatupa daftari alizokuwa akisahihisha, wakatoka mbio wote wawili. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma, akauvuta mlango wa kioo ili mvua isimfikie mtoto aliyelala kwenye mkeka pale pale ndani, mahali penye upepo. Mlango ukateleza kwenye reli yake, ukagota, na ndani ya komeo kikasikika kitu kidogo kikianguka. Tk.

Mwalimu aliijua sauti ile. Akavuta mshikio. Akavuta kwa mikono miwili. Akaweka mguu ukutani, akavuta hadi mishipa ya shingo ikamsimama, na mlango haukutikisika.

"Umejifunga," akasema.

"Mlango haujifungi. Mlango hufungwa."

"Huu unajifunga, mama."

Ugonjwa ulikuwa wa miezi mitatu. Mwalimu alifundisha jiografia, na kila mwaka aliwaeleza wanafunzi wa kidato cha pili jinsi unyevu na chumvi ya bahari vinavyokula chuma. Mchoro wake ubaoni ulikuwa mzuri, wenye mishale. Nyumbani kwake chuma kililiwa mchana kutwa mbele ya macho yake. Kwanza mlango ukawa mzito, kisha kulabu ya ndani ya komeo ikalegea, ikawa inaanguka yenyewe kila mlango ukigota. Kila alipoambiwa, alijibu, "Kesho." Mkewe akambatiza Bwana Kesho. Mama mkwe, aliyekuja kwa wiki mbili kusaidia kulea na sasa alikuwa anaingia mwezi wa nne, akalichukua jina hilo na kulitumia bila hata kutabasamu.

"Mama," Mwalimu akasema taratibu, maji yakimchuruzika puani, "kwenye komeo, upande wa ndani, kulikuwa na uzi mwekundu."

"Ule uchafu? Nimeukata asubuhi nikifuta vumbi."

"Ule uzi ndio uliokuwa unaishikilia kulabu isianguke."

Mama mkwe akazitupia begani nepi mbichi.

"Na mimi ningejuaje kwamba fundi wa nyumba hii ni uzi?"

 Mwalimu alitamani kumwambia kwamba mtu akikuta kitu kimefungwa, huuliza kabla ya kukata. Alitamani pia ardhi ipasuke, lakini chini yake ilikuwa roshani ya jirani, na jirani mwenyewe alikuwa amefunga madirisha yote. Wakapiga kelele hata hivyo. Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya mtaa mzima, na sauti zao hazikuvuka hata ukingo. Barabarani akapita mtu mmoja amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Akatazama juu, akawaona wakipunga mikono, naye akawapungia kwa furaha, akaendelea na mbio zake.

"Mjinga!" Mwalimu akafoka.

"Nyamaza," mama mkwe akasema. "Maji."

"Maji tunayo ya kutosha, mama."

"Ya jikoni! Nimebandika chupa za mtoto."

Wakabandika nyuso zao kwenye kioo. Ng'ambo ya sebule, mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Moto wa jiko la gesi uliwaka bluu chini ya sufuria, na juu yake pazia la dirisha, ambalo hakuna aliyekumbuka kulifungia pembeni, lilikuwa linavimba kwa upepo, linasogelea moto, linarudi.

"Maji kiasi gani?"

"Ya kufunika chupa tu. Na yalikwisha kuchemka."

Simu ya Mwalimu ilikuwa mezani, ya mama mkwe chini ya mto. Mkewe angerudi kutoka kazini baada ya saa tatu nyingine. Mwalimu akakamata chungu cha maua, akakiinua juu ya kichwa. Mama mkwe akamdaka kifundo cha mkono. Katika miaka sita ya ukwe wao hawakuwahi kugusana zaidi ya ncha za vidole vya salamu.

"Kioo kitaangukia wapi?"

Mwalimu akatazama chini. Mtoto alikuwa amelala chali, mikono juu, umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kioo. Akakishusha chungu polepole.

Akachukua kiango cha nguo cha waya, akakinyoosha, akakipenyeza kwenye ufa kando ya fremu akiitafuta kulabu. Waya ukapinda. Akajaribu tena, mkono ukateleza, na ukingo wa aluminiamu ukamchana kidole hadi damu ikachanganyika na mvua. Mama mkwe akakifunga kwa nepi, akaibana kwa kibanio cha nguo.

"Inauma?"

"Hapana."

"Muongo. Kishike juu."

"Ningekuwa na bisibisi tu..."

"Ungekuwa na bisibisi ungesema kesho."

Hilo lilimchoma kuliko waya. Akageuka kumjibu, na kwa mara ya kwanza angemjibu kweli, lakini yeye alikuwa amekwisha kuchuchumaa. Mama mkwe alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja, na sasa aliukagua mlango kama walivyozoea kukagua watu wa kazi yake: kwa viganja kwanza, macho baadaye. Akapapasa chini ya fremu. Akasimama, akapapasa juu.

"Huu umekaa vibaya," akasema. "Umeshuka. Tazama kule juu, kidole kinapita."

Mwalimu akatazama. Ni kweli. Magurudumu yaliyobeba mlango yalikuwa yameliwa na kutu, mlango ukazama, na juu yake pakabaki uwazi. Akaiona kulabu kichwani mwake kama mchoro, na mishale yake: inashuka kutoka juu na kuingia kwenye tundu la fremu.

"Tukiuinua, kulabu itapanda nao," akasema. "Itatoka tunduni."

"Basi tuuinue. Unangoja uvuliwe viatu?"

Wakachomoa mguu wa chuma wa fremu ya kuanikia nguo, wakaupenyeza chini ya mlango na kuuegemeza juu ya chungu kilichopinduliwa. Mwalimu akaukandamiza kwa nguvu zake zote. Chuma kikateleza, akaanguka kwenye maji. Akainuka, akaukandamiza tena, akaanguka tena, akamtukana aliyetengeneza mlango, na aliyegundua aluminiamu, na bahari.

"Acha," mkunga akasema. "Unasukuma hovyo. Unamaliza nguvu kabla ya wakati."

"Mama, mtoto..."

"Mtoto namwona. Pumua."

Jikoni mvuke ulikuwa umekoma. Sufuria ilikuwa kavu. Uzi mwembamba wa moshi mweusi ukapanda, na pazia likaja, likagusa, likarudi na doa la kahawia. Hapo mtoto akaamka. Walimwona akifungua kinywa, uso ukijikunja na miguu ikipiga hewa, na hawakusikia chochote. Mwalimu hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake. Zile kesho zake zote, tisini na zaidi, zikamjia pamoja.

"Nitazame mimi, si yeye," mkunga akasema. Alikuwa ameegemeza bega lake kwenye fremu. "Wewe unakandamiza, mimi nasukuma pembeni. Siyo sasa. Pumua. Siyo sasa, nimekwambia! Pumua tena. Haya. Sasa! Endelea, endelea, usiachie, endelea, baba, endelea!"

Mlango ukapanda ukilia. Unywele mmoja, nywele mbili, unene wa shilingi. Tk. Bega la mama mkwe likasogea, mlango ukafunguka shubiri mbili, na kilio cha mtoto kikawapiga usoni.

Mama mkwe akapita kiubavu, vifungo viwili vikabaki kwenye fremu. Hakwenda kwa mtoto. Alimruka, akakimbilia jikoni, akazima gesi, akaling'oa pazia na fimbo yake na kulitupa kwenye sinki. Mwalimu akajisokota hadi akapita, akamnyakua mwanawe, akamkumbatia na nguo zake zilizolowa.

Sufuria ilikuwa nyeusi. Chuchu za chupa zilikuwa zimeyeyuka, zimeganda chini yake. Pazia lilikuwa na tundu lenye ukubwa wa sahani. Wakaketi sakafuni mmoja huku mmoja kule, na mtoto, aliyekwisha kusahau yote, akawa anavuta kibanio kwenye kidole cha baba yake.

"Ningeuliza kabla ya kukata," mama mkwe akasema mwishowe. Akaikalia mikono yake.

"Ningetengeneza, usiwepo uzi wa kukata." Mwalimu akajifuta uso. "Duka la vifaa linafungwa saa ngapi?"

"Kwa mvua hii?"

"Leo, mama."

Akaenda hivyo hivyo, na nepi kidoleni. Akarudi na magurudumu ya chuma kisichoshika kutu, komeo jipya na bisibisi. Wakaushusha mlango, wakaulaza sebuleni. Magurudumu ya zamani yakamegeka mkononi kama biskuti. Relini mlikuwa na tope la chumvi na vumbi lililogandishwa na mafuta ya nazi ambayo Mwalimu aliyamimina mwezi uliopita akidhani anatibu. Mama mkwe akalikwangua kwa kijiko, akisonya kila mkwanguo, kisha wakaiosha reli kwa maji baridi na kuikausha. Walipourudisha mlango, yeye aliushikilia na Mwalimu akakaza skrubu za kuupandisha.

"Kidogo tena," mama mkwe akasema. "Tena. Hapo hapo, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Mwalimu akainama kwenye skrubu ambayo haikuhitaji kukazwa tena, akaikaza.

Mkewe aliporudi, alitazama dirisha lisilo na pazia, nepi yenye damu, na mama yake aliyevaa blauzi iliyopungukiwa vifungo viwili.

"Kumetokea nini hapa?"

"Mvua ilinyesha," mama mkwe akasema. Akamgeukia Mwalimu. "Fundi hujaribu kazi yake mwenyewe. Haya, toka nje."

Mwalimu akatoka. Mlango ukateleza nyuma yake bila kelele, komeo likaingia mahali pake. Manyunyu yalikuwa bado yanaanguka. Ndani ya kioo alisimama mama mkwe na mtoto kiunoni, mkewe nyuma yao. Mwalimu akaonyesha kwa kidole: fungua. Mama mkwe akamtazama kwa utulivu mkubwa. Midomo yake ikatamka neno moja. Kioo kililimeza, lakini Mwalimu hakuhitaji kulisikia, alilijua umbo lake.

Kesho.

Mkewe akainama kwa kicheko, ameshika magoti. Kisha mama mkwe, naye akiwa ameshindwa kuuzuia uso wake, akaweka kidole kimoja kwenye komeo, na mlango ukafunguka.