Pete Nne za Pipa

To. To. To.

Kulikuwa bado giza. Febronia aliamka, akasikiliza. Alidhani ndoo ya maji inavuja. Akaipapasa. Ilikuwa kavu kwa nje. Sauti ilitoka ubavuni mwa nyumba, walikoegesha tela la pikapu yao.

"Baba Eliana, amka. Kuna kitu kinadondoka."

Gasto alichukua tochi. Wakafungua mlango wa tela. Pipa la mafuta ya alizeti lilikuwa limeanguka, pengine tangu njiani jana, kizibo kinavuja. Lilikuwa limeangukia gunia la mashudu na kulipasua.

Gunia lile lilikuwa kiti cha Eliana, binti yao wa miaka mitano. Kila safari alikaa palepale. Jana tu, wakitoka Nduguti, alisinzia mapema, ndipo mama akampakata mbele kwenye pikapu.

"Nitaongeza mipira ya kulifungia pipa," Gasto alisema kwa sauti ndogo.

"Mipira hiyohiyo? Mwanangu hapandi tena humu. Na pipa haliendi mjini mpaka fundi alione hili tela."

Kulipokucha walilivuta tela hadi kwa fundi Anselm, mchomeleaji wa hapo Iguguno.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Haya, mgonjwa yuko wapi?"

Mzee aliingia ndani ya tela. Gasto alikuwa amefunga kulabu ukutani kwa skrubu fupi. Pipa alilizungushia mipira ya tyubu, kama watu wanavyofunga mkaa kwenye baiskeli. Fundi alivuta kulabu moja kwa mkono. Ikang'oka na skrubu zake.

"Gasto, hii ni ya kutundikia kofia!"

"Usinicheke, fundi. Ilikuwa imekaza."

"Ilikaza kwenye bati. Bati ni nguo tu ya tela. Mifupa iko chini. Lala uone."

Gasto alijilaza chini ya tela. Akaviona vyuma vinene vinavyobeba sakafu ya mbao.

"Pipa likijaa linakaribia kilo mia mbili," fundi alisema. "Wewe unafunga breki, lenyewe linataka kuendelea na safari. Lishikwe na mifupa hiyo."

"Na mipira, fundi?" Febronia aliuliza.

"Mpira unavutika, mama. Pipa likisukuma, unaliachia. Nunueni mikanda ya kufungia mizigo, ile yenye chuma cha kukazia."

Fundi alitoboa sakafu sehemu nne kuzunguka pipa, kila tundu likipita kwenye chuma cha chini. Akafunga pete nne nene kwa boliti ndefu. Chini ya kila boliti aliweka bamba la chuma, kisha nati isiyolegea. Gasto alishika pete moja kwa mikono miwili, akavuta. Tela zima lilitikisika. Pete haikusogea.

"Kagueni nati na mikanda kabla ya kuondoka," fundi alisema. "Mkienda kidogo, simameni mkaze tena. Na mtu hakai humu na mzigo. Hata mkubwa."

Siku ya kwenda Singida Mjini, Gasto alilifunga pipa kwenye pete kwa mikanda mipya. Eliana alichora mstari wa chaki sakafuni kuzunguka pipa. Kisha akapanda mbele na mama yake.

Njiani ng'ombe waliingia barabarani ghafla. Gasto akafunga breki kwa nguvu. Febronia alimkumbatia mtoto, akatega sikio nyuma. Kimya.

Walipofika sokoni, Gasto alifungua mlango wa tela. Eliana alichuchumaa, akachungulia mstari wa chaki, akazunguka na upande wa pili.

"Pipa halijatoka kwenye mstari," alisema.