Mume Niliyemzika Akiwa Hai

"Wewe si nilikuzika?"

"Ulizika mgomba, Nangila."

Nilikuwa ufukweni Dunga, hapa Kisumu, nikigeuza omena, dagaa wa ziwani, juani. Mzee aliyesimama mbele yangu alikuwa na mvi kichwa kizima, lakini sauti ilikuwa ya Wakhungu, mume wangu wa kwanza. Nikakaa chini pale pale.

Wakhungu alikuwa mwanajeshi wa anga. Mwaka wa themanini na mbili wenzake walijaribu kumpindua rais, wakashindwa siku hiyo hiyo, naye akakamatwa pamoja nao. Tulikuwa na miezi saba tu ya ndoa. Baadaye rafiki yake Wakoli aliachiliwa, akatuletea habari kwamba Wakhungu amefia ndani. Maiti hatukupewa. Kwetu Bungoma maiti ikikosekana tunazika shina la mgomba, basi nikanyolewa nywele, nikalilia shina la mgomba nikiwa na miaka kumi na tisa.

"Kwa hivyo Wakoli alitudanganya?"

"Mimi ndio nilimtuma."

Nikamkodolea macho.

"Nilifungwa miaka kumi na tano. Nikaona utazeeka ukinisubiri. Heri ujue nimekufa, uolewe."

"Ukaniamulia!"

"Nilikupenda, mama."

"Kama ni kupenda ungeniuliza! Na ulipotoka?"

"Nilikuja mpaka kwako Nyamasaria. Nikakuona na mume wako Wasike mkipaka nyumba rangi, unacheka. Nikaenda zangu Kitale kutengeneza redio."

"Ukaoa?"

"Mtu amekufa anaoa aje?"

Nilitaka kucheka, hasira ikanizuia.

"Sikia, bwana. Wasike alikuwa mume mzuri mpaka Mungu alipomchukua. Usifikirie alikuwekea kiti."

"Najua. Nimekuja kuomba msamaha. Na kama utakubali, tuzeeke pamoja. Yaliyopita si ndwele."

"Si ndwele kwako! Toka hapa!"

Akatoka. Mimi nikalia mpaka wanawake wenzangu wakaniuliza nani amekufa. Ningewajibu nini?

Jioni simu ikalia mlio wa ujumbe wa Wakhungu, sijui namba yangu alipewa na nani: "Niko Kisumu mpaka Jumapili. Nisiposikia kitu nitarudi Kitale na sitakusumbua tena."

Siku mbili sikula vizuri. Jumamosi nikampigia binti yangu Metrine, nikamweleza yote.

"Mama, huyo mzee alikuacha ulie bure. Wachana na yeye!"

"Alifikiri ananisaidia."

"Unamtetea?"

"Simtetei."



"Sawa. Kwani wewe mwenyewe unataka nini?"

Swali hilo lilinichoma. Wakhungu aliniamulia ujane. Wazee waliamua ninyolewe. Hata Wasike, pamoja na wema wake, alimalizana na baba yangu kwanza ndipo akanisalimia. Nilikuwa na miaka sitini na mbili na ndiyo mara ya kwanza naulizwa. Nikajua jibu, nikaona haya kulisema mbele ya mtoto niliyemzaa.

Nikampigia Wakhungu.

"Kesho usirudi Kitale. Enda nyumbani Bungoma, uambie wazee kwa mdomo wako ni wewe ulituma hicho kifo."

"Watanifukuza, Nangila."

"Mimi nilibeba ujane wako. Wewe beba hiyo."

Akaenda. Jumatatu, Jumanne, kimya. Nilikuwa naangalia simu kama msichana wa shule, na kuona haya nikaona. Jumatano ikalia.

"Wamechinja kondoo, wamenitakasa. Kaburi wamelifukua."

"Na dada yako Nasipwondi?"

"Alinipiga kofi mbele ya watu. Halafu akanikumbatia shingoni, tukalia wote."

"Kofi lilikuwa moja?"

"Moja."

"Alikuhurumia."

Alicheka, na kicheko kile kilikuwa cha kijana niliyeolewa naye. Moyo wangu ukalainika, nisiseme uongo.

"Sasa nakuja nikuoe tena," akasema.

"Ngoja! Umeanza kuamua?"

"Pole. Nifanye nini?"

"Niulize. Lile swali ungeniuliza ukiwa ndani, kabla hujamtuma Wakoli."

Nikasikia anapumua kwa shida, mzee wa watu, analia.

"Nangila," akasema, "utanisubiri?"

"Hapana. Nimechoka kusubiri," nikamjibu. "Panda gari sasa hivi."