Ngamia Kwenye Birika la Twiga

Jilaal, kiangazi kikali, twiga hushuka hadi birika la hifadhi nje ya Garissa, na mji mzima huja kuwatazama. Siku ile kelele zilikuwa za sokoni. Weris, mwelekeza wageni, sare ya kaki na hijabu ya kijani, alikuwa akiwabembeleza wanafunzi wanyamaze, ndipo kijana aliyenukia uturi, jina lake Guleid, akamsogelea.

"Dada, yule mrefu ana kilo ngapi?"

"Kwani unataka kumla?"

"Mimi ni mfanyabiashara wa mifugo, walaal, dada yangu. Kila mnyama namuona kwa kilo."

"Huyo hauzwi."

"Na anayemlinda?"

Loo, Guleid huyo! Weris alicheka hadi wanafunzi nao wakacheka. Tangu hapo simu yake haikupumzika.

Mwaka ukapita, jilaal ikarudi na ukame wa kutisha. Guleid akapiga simu.

"Macaanto, mpenzi wangu, wazee wangu watatoka Hulugho na ngamia wa yarad, wampelekee baba yako mahari."

"Lini?"

"Sisemi. Nataka ushtuke."

"Wewe na siri zako!"

Siri gani hiyo, jamani? Angesema tu.

Siku moja ya wageni wengi hifadhini, lori la maji lilikuwa limejaza birika kwa shida, na amri ilikuwa moja: mifugo marufuku. Mara ngamia wakachomoza vichakani, mbavu nje, wakiongozwa na wazee.

"Binti, tumetoka mbali. Tunaomba maji."

"Pole, adeer, ami yangu. Haya ni ya twiga."

Ngamia hawakungoja ruhusa, wakalikimbilia birika. Twiga wakatimka, wageni wakalalamika, na Weris kwa hasira akaokota fimbo akawafukuza ngamia kabla hawajanywa. Mzee akalitazama jina kifuani mwake.

"Wewe ndiye Weris, binti wa Abdihafid?"

"Ndiyo, adeer."

Mzee akageuza kundi kurudi lilikotoka.

Alasiri simu ikalia.

"Weris, umefanya nini? Wale walikuwa ngamia wa yarad!"

"Wallahi sikujua! Ungeniambia, Guleid!"

"Adeer wangu anasema umenikataa kwa fimbo, mbele ya watu. Wanarudi Hulugho."

"Nawe unasema nini?"

"Hata wangekuwa wa mgeni, Weris. Unawanyimaje maji ngamia wenye kiu?"

"Na twiga je? Si wanakufa pia?"

Simu ikakatwa. Weris alilia, akajifuta kwa hijabu, akakodi pikapu na kuijaza mitungi ya maji. Hakutaka kumpoteza mtu huyu, basi.

Aliwakuta wazee na ngamia kando ya barabara ya Hulugho. Guleid alikuwa amefika kabla yake, amepiga magoti karibu na ngamia jike mweupe aliyeanguka. Hakumtazama Weris. Weris akamimina maji kwenye beseni, akamwinua yule jike kichwa. Hakunywa. Alikuwa ameshakata roho.

"Nisamehe, adeer," alisema, akilia mbele yao bila aibu. "Sikukataa mtu. Nampenda."

Mzee alingoja hadi ngamia wote waliosalia wakashiba maji. Kisha akamnyooshea fimbo yake.

"Uliwafukuza kwa mkono wako. Warudishe wewe mwenyewe."

Weris akaishika, akawageuza kuelekea Garissa. Guleid alitembea upande wa pili wa kundi, macho chini, akiacha nyuma yule mweupe. Walikwenda hivyo mwendo mrefu, Weris akiwahimiza ngamia kwa pupa, moyo ukimuuma.

"Taratibu, macaanto," Guleid akasema hatimaye. "Wamechoka."