Chupa ya Iode

Kila mchana Inès humpitia mdogo wake Glody chekechea, huvuka naye kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, kisha hupanda ngazi hadi fleti yao ya mtaa wa Albert Park na kuinjika wali. Siku hiyo umeme ulikatika hata maji hayajachemka.

Simu ya mkononi wanayoachiwa nyumbani ikalia. Katika kikundi cha kanisa palikuwa na picha ya minara mikubwa ikifuka moshi mweupe. Chini yake paliandikwa: "Mtambo wa nyuklia wa Cape Town umepasuka! Sumu inakuja na upepo. Wapeni watoto iode!"

Papa, baba yao, alikuwa fundi wa kuchomea vyuma kwenye mtambo huohuo, mji wa mbali! Inès akampigia, kimya. Akampigia Mama, aliyekuwa kazini saluni, kimya vilevile.

Iode, yaani iodini, ilikuwepo, kile kichupa cha kahawia cha kupaka vidonda. Inès akaimimina kwenye juisi.

"Kunywa, Glody, usife."

Mtoto akapiga funda moja, akapiga ukelele, akashika koo akikohoa. Jirani yao, Mama Libérate, akaingia mbio.

"Eish! Umemupa nini?"

Inès alificha kichupa mgongoni. Akisema, atachapwa. Lakini Glody alizidi kulia, na hofu ikaishinda aibu.

"Iode, Mama. Nilidhani namwokoa."

Wakakimbilia kliniki, kichupa na simu mkononi. Njiani robot zilikuwa zinawaka. Kumbe umeme ulikuwa umekatika kwenye jengo lao tu.

Nesi alisoma kichupa, akamhudumia Glody. "Amekunywa kidogo, atapona. Mmefanya vizuri kuniambia ukweli mapema."

Ndipo Papa alipopiga simu. "Niko mzima, binti yangu! Ndani kwa mtambo hatuingie na simu. Uranium inachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, umeme unatoka. Halafu tunapoza na maji ya bahari. Minara kama ile huku haiko hata moja! Hiyo picha ni ya uongo."

Inès alilia kwa furaha na kwa aibu.

"Kuogopa si kosa," Mama Libérate alimwambia. "Kosa ni kumnywesha mtoto dawa kwa neno la mtu usiyemjua. Uliza mkubwa kwanza. Na ungekificha kile kichupa, je? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nataka juisi," Glody akanung'unika, akionyesha chupa iliyokuwa mezani pa nesi.

Inès hakuigusa. Alimgeukia nesi. "Anaruhusiwa?"